Dokta aliuliza, na mimi nikaitikia

"Mama, ukiacha hizi za presha, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

"Hapana dokta, ni hizi hizi tu."

Mi nilikuwa nimekaa pembeni ya mama, pochi yangu mapajani, na nikaitikia kwa kichwa. Hapana, hakuna nyingine. Dokta akaandika kwenye kadi. Presha siku hiyo ilisoma 172 kwa 98, mwezi wa nyuma yake ilikuwa 168, akatikisa kichwa, akamuongezea dozi na kumsihi tena apunguze chumvi, mama akamwambia mwanangu chumvi mimi nilishaacha, mboga zangu siku hizi hata wajukuu hawazitaki.

Ndani ya ile pochi kulikuwa na karatasi mbili za diklofenaki, vidonge ishirini, nimemnunulia asubuhi ile ile karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, niliposhuka kwenye basi la kutoka Dar.

Nilikuwa nazo mapajani.

Sikudanganya, na hilo ndo limenikosesha usingizi wiki zote hizi. Ningekuwa nimedanganya ningejua cha kutubu. Niliulizwa habari ya dawa, na kichwani mwangu zile hazikuwa dawa. Zilikuwa za maumivu.

## "Za maumivu tu"

Jisikilize siku moja unavyoongea. "Umekunywa dawa?" "Hapana, nimemeza panadol tu." Hiyo "tu" ndo iliyonifikisha hapa. Dawa kwetu ni ile iliyoandikwa na daktari, yenye kadi, yenye tarehe ya kurudi kliniki. Ya maumivu unaipata dukani ukiwa unapita zako na mkate mkononi, unamwambia muuzaji nipatie za mia tano, anachukua mkasi, anakata, anakutilia kwenye kibahasha, anaandika 1x3 kwa kalamu, umemaliza. Unampa jirani. Unampa mgeni. Unampa mtu kwenye basi ambaye hata jina lake hulijui, na anakushukuru kweli kweli.

Magoti ya mama yalianza kuuma kama miaka sita iliyopita. Alishuka na mboga kutoka Mgeta miaka mingi sana, kabichi na njegere, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na wanaozijua zile njia za milima ya Uluguru wanajua kushuka ndo kunakoua magoti kuliko kupanda. Mwanzoni alikuwa anachua na mafuta. Halafu mama mmoja wa jumuiya akampa vidonge viwili, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata muda mrefu, asubuhi akaamka akafagia uwanja wote.

Toka hapo ikawa moja asubuhi moja jioni. Kila siku. Anaviweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, vikikaribia kuisha ananipigia. Mimi ndo nilikuwa mnunuzi. Kama miaka miwili nimenunua bila kuruka, na nilikuwa naona fahari, niseme ukweli, nilikuwa naona mimi ndo mtoto ninayemjali mama.

Ile presha nayo ilianza kusumbua kipindi hicho hicho. Hakuna aliyeunganisha.

## Yule dada wa dukani

Kama wiki tatu baada ya ile kliniki nilikuwa na kichwa kibaya, nikaingia duka la dawa muhimu hapa mtaani Tabata. Kuna dada mpya, mdogo tu, kama ishirini na nne hivi.

"Mambo dada, nipatie diklo mbili."

"Poa dada. Za nini?"

"Kichwa."

"Una presha? Una vidonda vya tumbo? Huna ujauzito?"

Nikaanza kukereka. Nyuma yangu kuna watu wawili wanasubiri, na mi nataka vidonge viwili tu nikalale. Nikamjibu hapana, hapana, hapana. Akauliza tena, unatumia dawa nyingine yoyote? Nikasema hapana. Halafu akaongeza kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akiongeza:

"Hata za maumivu? Maana watu huwa hawazihesabu."

Nilisimama pale kama nimemwagiwa maji.

Lilikuwa swali lile lile la dokta wa mama. Tofauti ni huo mkia wake, na mkia huo ndo ulioniingia. Nikamwambia, mimi sinywi, ila mama yangu ana presha na hizi anakunywa kila siku. Akaweka mkasi chini. "Kila siku?" Kila siku. "Na za presha anatumia zipi?" Sikujua. Mtoto ninayemjali mama sikuwa najua jina hata la dawa moja ya presha ya mama yangu, nilijua kuna nyeupe ndogo na kuna nyingine ndefu. Nikampigia, nikamwambia ampe simu mjukuu apige picha maboksi atume WhatsApp. Watu wa nyuma walishahudumiwa na kuondoka. Picha ikaja: losartani, iliyochanganywa humo humo na dawa ya kukojoza.

Yule dada akaisoma, akakaa kimya kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, dada, hii ya presha inavuta presha kushuka na hiyo ya magoti inaivuta kupanda, na zikiwa tatu pamoja hivi zinaweza kuzielemea figo, mrudishe mama kliniki na safari hii mpelekee daktari kila kitu anachomeza.

Mimi akanipa parasetamoli. Nilitoka nikiwa nimesahau kama kichwa kinauma.

## Koo mbili

Nikaanza kusoma, usiku kwa usiku. Nilichokuwa sikijui, na nina hakika wengi hatukijui, ni kwamba dawa za maumivu za dukani zina koo mbili tofauti kabisa. Tunazisema zote kwa pumzi moja kana kwamba tofauti yake ni nguvu tu, yani panadol ni ya mtoto, diklo ni ya mkubwa. Siyo hivyo.

Ukoo wa kwanza ni parasetamoli, na huo una mtu mmoja tu. Panadol ni parasetamoli, na hizo za viwanda vingine zenye majina yao mengi nazo ni parasetamoli. Inashusha homa na kutuliza maumivu, ila uvimbe haiugusi sana.

Ukoo wa pili ni mkubwa: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu na ndugu zao. Hawa wanapunguza maumivu na uvimbe pia. Wanavyofanya hivyo hakuna aliyejua kwa miaka mingi, wakati aspirini imeanza kuuzwa na Bayer toka 1899, mpaka Mwingereza John Vane alipoonyesha mwaka 1971 kwamba zinazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, na kwa kazi hiyo akapewa Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili. Prostaglandini ndo zinazochochea uvimbe na maumivu, kwa hiyo ukizizuia goti linatulia.

Ila hizo hizo ndo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi yake yenyewe. Na hizo hizo ndo zinazosaidia kutanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hasa kwa mtu mzee, au mtu anayetumia dawa ya kukojoza, au mwenye upungufu wa maji mwilini.

Kidonge hakijui goti liko wapi. Kinakwenda mwili mzima.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Sisi tunasema "dawa ya magoti", "dawa ya kiuno", "dawa ya kichwa", kana kwamba kidonge kikishuka kooni kinauliza njia ya kwenda gotini. Kumbe kilipokuwa kinatuliza goti la mama, humo humo kinabana figo, mwili unashikilia maji na chumvi, presha inapanda, na dokta anaongeza dozi, na mama anaacha chumvi, na mimi nanunua vidonge vingine.

Na hapo nikakutana na habari ya tai, wale ndege wala mizoga. Kuanzia miaka ya 1990 tai wa India na Pakistan walikuwa wanakufa na watu hawaelewi kwa nini, aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Ilipofika 2004 watafiti wakagundua ni diklofenaki. Wafugaji walikuwa wanawapa ng'ombe wenye maumivu, ng'ombe akifa tai anakula mzoga, figo za tai zinakufa. Mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal wakaipiga marufuku kwa mifugo. Mama siyo tai, mwili wa mtu unaihimili diklofenaki vizuri zaidi kuliko wa tai, nalijua hilo. Lakini nilisoma saa nane usiku na sikulala tena.

Upande wa watu, mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walisema diklofenaki isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, na mwaka 2015 Uingereza ikaondoa vidonge vyake kwenye dawa za kununua bila cheti. Huku kwetu mimi nilikuwa nanunua ishirini nikiwa na begi mgongoni, gari la Kihonda linanisubiri.

## "Presha siisikii"

Nilifikiri sehemu ngumu ilikuwa ni kujua. Haikuwa hiyo.

Nilienda Morogoro Jumamosi nikamkalisha mama, nikamueleza yote taratibu, mpaka figo, mpaka tai. Akanisikiliza vizuri sana. Halafu akasema:

"Mwanangu, presha siisikii. Magoti nayasikia."

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Hiyo presha tunayoihangaikia yeye hajawahi kuiona, ni namba kwenye mashine. Goti analiona kila alfajiri akitaka kushuka kitandani. Vile vidonge ndo vilivyokuwa vinampeleka misa ya kwanza kwa miguu yake, ndo vilivyokuwa vinamfanya achuchumae kupalilia mchicha wake. Mimi nimekuja na makaratasi yangu ya Dar nataka kuvichukua, na badala yake nimempa nini? Kaka yangu nilipomweleza aliniambia waziwazi, mwache mama, ana miaka sabini na moja, muache afurahie. Alisema kwa upendo. Kuna usiku niliona yuko sahihi.

Kilichonitoa kwenye huo mkwamo ni mama mwenyewe. Asubuhi yake, tunakunywa chai, akauliza tu, "Hivi figo zikifa ndo ile ya kwenda kuoshwa damu kwenye mashine, kama marehemu baba mdogo wako?" Nikamwambia ndiyo mama. Akanyamaza. Akamaliza chai yake. Akasema twende kwa dokta Jumatatu.

Safari hii alibeba kopo zima la Blue Band.

Dokta alilifungua akatoa karatasi moja moja mezani. Zilikuwepo diklofenaki, zilikuwepo na zile za mchanganyiko zenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, zilikuwepo meloksikamu alizopewa na mtu wa jumuiya, na vidonge vitatu vimekatwa vibaya hadi jina halipo, tarehe haipo. Hakumgombeza. Alimuuliza tu siku za baridi huwa anameza ngapi, na mama akasema siku za baridi naongezea hizi. Yani siku nyingine alikuwa anakunywa ndugu wa ukoo mmoja kwa mpigo, diklofenaki mara mbili, akidhani ni dawa tatu tofauti.

Akapimwa figo. Majibu hayakuwa mazuri, hayakuwa ya kutisha. Dokta akasema acha zote za ukoo huu, tupime tena baada ya wiki nne.

Wiki nne baadaye presha ilikuwa 148 kwa 86 na figo zimeanza kurudi. Dawa za presha ni zile zile.

## Na magoti je?

Magoti yanauma. Siwezi kukuandikia hapa kwamba yameacha.

Sasa hivi anatumia dawa ya kuchua, ile jeli yenye diklofenaki hiyo hiyo. Nilishtuka dokta alipoitaja, ila akanieleza ya kupaka inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na ya kumeza, na goti liko karibu na ngozi kwa hiyo inafika. Anachua kwa utulivu jioni, mguu umenyooshwa kwenye mkeka, anaanzia juu ya goti anazunguka taratibu kwa kiganja, kama anavyopaka mafuta mtoto mchanga. Halafu anakaa kwenye kiti anaunyoosha mguu mbele, anaushikilia, anahesabu hadi kumi, anaushusha, mara kumi kila mguu, ili misuli ya paja ibebe kazi ya goti. Mjukuu anamhesabia.

Parasetamoli anatumia siku zikiwa mbaya. Kwa magoti yaliyosagika haifanyi kazi kubwa, wengi hilo wanalijua na ndo maana wanaikimbia. Mama anasema inampunguzia kidogo, na hiyo kidogo nimejifunza kutoidharau.

Ila parasetamoli nayo isikudanganye. Mtu mzima mwenye afya asivuke vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na kila dozi iachane na nyingine angalau saa nne, na mzee, mwembamba, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe anatakiwa chini ya hapo. Hesabu inapotea pale unapomeza panadol mbili, jioni unameza ya mafua ambayo ndani ina parasetamoli, usiku unameza ya mchanganyiko ambayo ndani ina parasetamoli tena. Ikizidi inaua ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza unaweza usione kitu zaidi ya kichefuchefu, unajiona mzima, kumbe muda unakwenda. Dawa ya kuizuia ipo, inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Mtu akimeza nyingi, hata akiwa anacheka na wewe, mkimbize hospitali hiyo hiyo saa. Na ya watoto inapimwa kwa kilo za mtoto, kijiko cha chai cha jikoni siyo kipimo.

Kuna jambo jingine la hapa Dar. Dengi ilipotupiga 2014 na tena 2019 tulikuwa tunaumwa viungo mpaka unalia, na viungo vikiuma mkono unaenda wenyewe kwenye diklo. Dengi inashusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na ukoo wa aspirini unazidi kuizuia damu isigande. Homa ambayo hujaipima, parasetamoli ndo ya kushika, kisha ukapime. Wajawazito nao, hasa mimba ikishapita wiki ya ishirini, ukoo huo wa pili siyo wa kununua kwa kuongea na muuzaji dirishani.

Na mimi kichwa changu? Nilianza kuandika kwenye kalenda kila siku niliyomeza kitu. Mwezi wa kwanza zilikuwa siku kumi na saba. Nilipozihesabu nilirudia mara mbili. Kuna maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa za kichwa zenyewe, ukimeza za kawaida siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, na zile za mchanganyiko zenye kafeini siku kumi tu zinatosha. Nimepunguza. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya sana, sasa afadhali.

## Kopo

Lile kopo bado liko juu ya kabati. Nilitaka kulitupa, mama akakataa, akasema kopo halijanikosea. Sasa ndani kuna dawa zake za presha, jeli, karatasi moja ya parasetamoli ambayo haijakatwa, na kadi ya kliniki. Nimemwambia muuzaji wa hapo mtaani asimkatie tena, ampe nzima yenye jina na tarehe. Kila akienda kliniki anaenda nalo, na dokta akiuliza unatumia dawa gani anafungua anamimina mezani.

Mwezi ujao kuna harusi ya mtoto wa mjomba. Juzi mama kanipigia, tumeongea mengi, mwishoni kabisa akasema, "Ila siku ya harusi nitameza moja. Nataka kucheza." Nikamwambia mama, muulize dokta kwanza.

Akasema atamuuliza.